Alizeti, ubuyu, ufuta au nyonyo: ukiwa Dodoma utegemee mafuta gani?

Binti wa kaka yangu yuko Singida mjini, kamaliza chuo, ajira hakuna, sasa kaja na wazo la kutengeneza mafuta ya nywele na ya mwili. Kanitumia voisi ya dakika nne, nusu nzima kuku wanalia tu, ila swali ni moja: "Shangazi nina laki tano, nianze na mafuta gani, alizeti au ubuyu? Au ufuta? Maana watu wanasema nyonyo ndo inalipa." Nikaanza kumjibu nikaona nakuwa mrefu, na swali lenyewe naulizwa karibu kila wiki na wadada wanaokuja kununua chupa tupu hapa kwangu, basi ngoja niandike mara moja liishe.

Mi nipo Dodoma, Nkuhungu, nakoroga mafuta na sabuni huu mwaka wa saba. Sina maabara. Nina majiko mawili, mzani wa dijitali, ndoo nyingi na daftari la bei ambalo nalilinda kuliko simu. Na kitu ambacho hilo daftari limenifundisha ni kwamba wengi tunachagua mafuta kwa kuangalia video, ubuyu unaondoa mikunjo, nyonyo inakuza nywele, sawa bana, sibishi, lakini swali langu la kwanza siku hizi ni jingine kabisa: hiyo mbegu, ukiacha wewe, inagombewa na nani? Maana ukishawazoesha wateja rangi fulani na harufu fulani, alafu Januari mbegu ikapotea sokoni, hapo ndo utajua hujui.

Kidogo tu kwa wasiojua, kwenye hii kazi kuna mafuta ya aina mbili. Kuna ya msingi, yale unayojaza chupa nayo, alizeti, ubuyu, nazi, nyonyo na wenzake. Na kuna ya harufu, yale unadondosha kwa matone, karafuu, mchaichai, mnanaa. Hayafanani shida zake. Ya msingi mengi yako hapahapa kwetu, ya harufu mengi yanatoka mbali, kwahiyo ntayatenganisha.

Alizeti na ubuyu kwanza, maana ndo ugomvi wenyewe

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakata Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni milimita mia tano au mia sita hivi, basi. Na katikati hapo, mara nyingi Februari, jua linapiga wiki mbili tatu bila tone. Alizeti inapandwa kuanzia mwishoni mwa Desemba mpaka Januari, inavumilia ukame kuliko mahindi kwa sababu mizizi yake inashuka chini sana, lakini ina sehemu yake inauma: ikikutwa na lile jua wakati inatoa maua au inajaza mbegu, unapata mapepe. Ua limesimama zuri, kubwa, unalipiga picha, ukipasua mbegu ndani hamna kitu.

Mwaka fulani nilinunua magunia mawili Kibaigwa kwa watu wawili tofauti, lumbesa ileile, bei ileile. Nimefika nyumbani nikayapandisha kwenye mzani, moja kilo 66, lingine kilo 52. Lile la kwanza likatoa lita 18, la pili sikufika 12. Tangu siku hiyo sinunui alizeti kwa macho. Unachota mbegu kumi kutoka katikati ya gunia, siyo juu, unazipasua kwa kucha unahesabu ngapi tupu, zikizidi mbili unashusha bei au unaondoka zako. Na kama muuzaji anakubali kupima kilo, pima kilo, achana na habari ya gunia na debe.

Na uliza ni mbegu gani. Ile Record ya zamani wakulima wengi bado wanaipanda kwa sababu unaweza kurudishia mbegu zako mwenyewe msimu unaofuata, lakini chotara kama Hysun 33 ina mafuta zaidi, ila mbegu yake inabidi ununue upya kila mwaka, ndo maana siyo kila mtu anayo. Mi nikipata chotara naongeza kidogo kwenye bei, inarudi kwenye dumu.

Sasa mvua ni nusu tu ya hadithi ya alizeti. Nusu nyingine iko bandarini. Tanzania tunalima alizeti Singida, Dodoma, Manyara, Simiyu, lakini mafuta ya kula tunayotumia zaidi ya nusu yanatoka nje, na mengi ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Kwahiyo mkulima wa Chamwino anashindana na mchikichi wa Sumatra bila kujua. Daftari langu linasema Mei 2022 nilinunua dumu la lita 20 la alizeti ya kukamua, haijasafishwa, kwa 140,000. Ilikuwa ni vita ya Ukraine, na Ukraine na Urusi ndo wakulima wakubwa wa alizeti duniani, alafu Indonesia nayo mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo ikafunga kuuza mawese nje kwa wiki tatu na ushee. Kila mtu akakimbilia alizeti. Ushuru wa mafuta ya nje ukashushwa ili mwananchi apumue, mafuta yakaingia kwa wingi, na 2023 wakulima wa huku wakavuna vizuri wakakuta bei imelala. Julai 2023 nimeandika 70,000 kwa dumu lilelile. Mi nilifurahi, sitadanganya, nilijaza mpaka chumba cha watoto. Ila wakulima ninaowajua msimu uliofuata wengine walirudi kwenye mtama na dengu, na mi nikaja kuhangaika mwakani yake. Kwahiyo furaha ya bei ya chini ina mkia.

Kwahiyo ukiniuliza alizeti inagombewa na nani, jibu ni kila jiko la Tanzania. Hilo ni baya kwa bei, ila zuri kwa upatikanaji, maana kitu kinachopikiwa na nchi nzima hakiwezi kupotea. Utakipata Majengo, utakipata Soko la Ndugai pale Nzuguni, utakipata barabara yote ya kwenda Singida madumu ya njano yamepangwa mezani. Bei itakupiga lakini mzigo upo.

Haya, ubuyu. Mbuyu haupandwi kwa msimu, haudaiwi mbolea, lile jua la Februari haulijali kabisa, umejaza maji yake kwenye shina. Ukitoka mjini uelekee Mtera au Mpwapwa unaiona imesimama tu kama wazee wa kikao. Matunda yanakauka na kukusanywa kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni na kuendelea, yaani wakati shambani hakuna kazi na watu wanahitaji hela. Kwa upande wa hali ya hewa basi ubuyu unaipiga alizeti mbali, msimu mmoja mbaya hauuangushi.

Lakini ngoja. Mbegu ya ubuyu inagombewa na nani? Hapa nilikosea miaka miwili mizima. Nilidhani mbegu ni taka, kwa sababu Ulaya waliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula mwaka 2008 na watu wakaanza kutafuta unga, si ndo mbegu zitabaki nyingi? Kumbe ubuyu mwingi wa Dodoma unaondoka kwenda Dar na Zanzibar kupikwa ubuyu wa rangi, ule wa watoto, wenye sukari na iliki na pilipili, na ule unapikwa pamoja na mbegu yake! Mtoto anamumunya anatema mbegu Kariakoo. Mbegu yangu hiyo. Inayobaki huku ni ya wale tu wanaotwanga na kuchekecha unga, na hao ni vikundi vya akina mama, hawana mzigo wa mfululizo, leo kilo mia mwezi ujao sifuri.

Tatizo la pili ni mashine. Mbegu ya ubuyu ina ganda kama jiwe na mafuta yake ni kidogo. Mara ya kwanza nilipeleka kilo 30 kwenye mashine ya alizeti, kijana akashika mbegu moja akaigonga kwenye sakafu, akaniangalia, "mama hii itaniulia skrubu." Nikabembeleza, nikaongeza hela. Lita ya kwanza iliyotoka ilikuwa alizeti ya mteja aliyetangulia, maana mashine haioshwi katikati ya wateja, unasukuma tu mzigo wako unamtoa mwenzako. Ukitoa hiyo nilibaki na lita mbili na nusu, rangi ya dhahabu, nzito kidogo, harufu ya njugu kwa mbali. Nzuri sana jamani. Lakini piga hesabu: nauli, mbegu, mashine, na lita mbili na nusu. Sasa hivi naenda kwa mwenye mashine ndogo ya kukamua ubaridi, anadai zaidi ila anaisafisha nikiwa nimesimama pale.

Kwahiyo kwenye hizi mbili msimamo wangu: alizeti iwe mwili wa chupa, ubuyu uwe sura yake. Alizeti asilimia themanini mpaka tisini, ubuyu kumi mpaka ishirini, na uandike kwenye lebo hivyohivyo. Anayeuza "ubuyu asilia mia kwa mia" kwa elfu tatu kwa chupa ya ml 100 mi namuogopa, hesabu zake hazikai.

Kitu kimoja cha alizeti usisahau, inachacha. Ile ambayo haijasafishwa ukiiacha kwenye duka la bati Dodoma hii, Oktoba, miezi mitatu tu inaanza kunuka kama rangi ya nyumba. Ubuyu unavumilia zaidi. Dawa yangu ni kuhifadhi mbegu badala ya mafuta, nanunua magunia Juni na Julai wakati bei iko chini, nayaweka kwenye mbao yasiguse sakafu, na kila mwezi na nusu nakamua gunia moja. Panya ndo adui, ila panya anakula kilo mbili tatu, kuchacha kunakula dumu zima. Na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, usiyaache kwa mwenye mashine bila kuongea, wengine wanakamua bure kwa sababu wanabaki na mashudu, wengine wanachukua hela NA mashudu. Uliza mapema.

Alafu kuchakachua. Kuna watu wanachanganya alizeti na mawese yaliyosafishwa, rangi inafanana, lebo inasema alizeti safi. Niliwahi kuuziwa madumu manne hivyo na mtu niliyemwamini, nikayatengenezea mafuta ya watoto, wateja wakaanza kunirudishia chupa eti "dada mbona yameganda?" Ilikuwa Julai. Na Julai ndo ilinifundisha kipimo chenyewe: usiku wa kipupwe Dodoma unashuka mpaka kwenye nyuzi kumi na tatu hivi, weka chupa ndogo dirishani nje, asubuhi kabla jua halijapanda kaiangalie. Alizeti tupu inabaki inatiririka. Yenye mawese inakuwa na ukungu mweupe, au imekaa tabaka chini kama uji uliopoa. Siyo kipimo cha maabara lakini kimeniokoa na madumu mengi.

Ufuta na karanga: mazuri, ila yana wenyewe

Ufuta kwa mafuta ya ngozi mi naupenda kuliko yote hapa, ntasema wazi. Nusu ya mbegu ni mafuta, hauchachi haraka kama alizeti, unaingia vizuri kwenye ngozi. Kondoa na Chemba wanalima, chini kule Lindi na Mtwara ndo usiseme. Tatizo? Unagombewa na China. Ndo mnunuzi mkubwa, na siku hizi ufuta unauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika, unawekwa ghalani, wanunuzi wanashindana bei kwa mtandao wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Kwa mkulima ni neema, dalali wa kangomba, yule anayenunua kinyemela, kapungua nguvu. Kwa wewe mwenye laki tano ni ukuta, huwezi kuingia mnadani kununua gunia mbili. Unabaki kuokoteza kilo kumi kumi sokoni Majengo kwa bei ya rejareja. Na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliongeza joto, maana Sudan ni mkulima mkubwa wa ufuta Afrika, wanunuzi wakaanza kuangalia huku zaidi. Ufuta utumie kwenye bidhaa moja ya bei, usiufanye mafuta yako ya kila siku.

Karanga nayo ni ileile, mafuta mengi, Dodoma inalima sana, lakini karanga inaliwa. Inatafunwa, inapikiwa mlenda, inasagwa siagi, mpaka ikufikie wewe wa mafuta bei imeshapanda ngazi tatu. Halafu kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Hatujasahau 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye sumukuvu, na karanga iliyohifadhiwa na unyevu inaipata haraka sana. Pia kuna watu wana aleji ya karanga, mteja mmoja tu akivimba uso umekwisha. Mi karanga siigusi kwa ajili ya mwili.

Na kwa anayedhani karanga ni zao rahisi la huku, aende Kongwa akaulize wazee. Waingereza walikuja 1947 na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, sehemu kubwa hapa Tanganyika, ili wapate mafuta ya kupikia baada ya vita, wakaleta matrekta, wengine walibadilishwa kutoka vifaru vya vita, Kongwa ikawa makao. Mibuyu ikawashinda kung'oa, udongo wa Kongwa ukikauka ukawa kama saruji, karanga ikabaki humo chini haichimbiki. Wakajaribu alizeti nayo, ukame ukaipiga. Mwaka 1951 wakafunga mahesabu, pauni milioni 36 hivi zimeyeyuka. Kila nikipita pale nikaona mbuyu umesimama nacheka peke yangu.

Nyonyo, mlonge, nazi

Nyonyo inaota yenyewe, nyuma ya nyumba, kwenye mitaro, majalalani. Mafuta yake ni karibu nusu ya mbegu. Inagombewa na nani huku kwetu? Na hakuna, karibu. Dunia nzima inategemea India, jimbo la Gujarat, wao ndo wanauza sehemu kubwa kabisa ya nyonyo duniani, na mvua za monsuni zikiyumba kule bei ya chupa ya dukani inapanda hapa Dodoma, ya kwetu ya mtaroni haina habari. Kinachokwamisha nyonyo ni mikono. Nani atakusanya? Matunda yake hayakomai siku moja, ukichelewa yanapasuka mbegu zinarukia majanini. Mi nawalipa watoto wa mtaa kwa sado wakati wa likizo, na nawaangalia kwa macho yote mawili, kwa sababu mbegu ya nyonyo ni sumu, siyo utani, mbegu chache zikitafunwa zinaweza kuua. Sumu yenyewe haiji kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, kwahiyo mashudu ya nyonyo usimpe mbuzi wala kuku hata kama anayalilia. Na usikamulie kwenye mashine ya mtu ya mafuta ya kula, nakuomba sana. Mi ya kwangu naitengeneza kienyeji, kukaanga, kutwanga, kuchemsha na maji, kuengua. Inatoka nyeusi, ina harufu ya moshi, wadada wa nywele ndo wanaitaka hivyohivyo.

Nzito lakini. Kwa nywele weka robo ya chupa, zaidi ya hapo mtu analalamika mto umejaa mafuta.

Mlonge ni mzuri mno na hauchachi haraka, ungekuwa na mzigo ningehamia huko kesho. Ila wenye miti wanauza majani, mbegu wanauza kwa kuhesabu kama dawa, punje kwa punje. Bei ya dawa huwezi kukamulia mafuta.

Nazi yote inatoka Pwani, Tanga, Mafia, Visiwani, na minazi ya mwambao bara imeliwa na ugonjwa wa kunyong'onyea kwa miaka mingi sasa. Duniani nako wakubwa ni Indonesia na Ufilipino, ukame wa El Niño wa 2023 na 2024 uliwapiga, na 2025 bei ya mafuta ya nazi kwenye soko la dunia ikavunja rekodi. Ukichanganya na nauli ya kuja Dodoma, nazi kwetu ni anasa. Nzuri kwa sabuni kwa sababu ya povu, hapo sina mbadala, lakini kwa mafuta ya mwili yanaganda chini ya nyuzi 24 au 25, yaani Juni mpaka Agosti mteja wako anachokonoa chupa kwa kijiti. Weka kwenye kopo la mdomo mpana au acha.

Zabibu zetu? Mbegu zake zina mafuta, ndiyo, na Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, viwanda vya mvinyo vinabaki na makapi mengi. Mafuta ni kidogo sana kwa kilo, mbegu zimelowa zinavunda ndani ya siku mbili tatu. Mwenye mtaji mkubwa aangalie, mimi na wewe tupite.

Ya harufu

Hapa watu wengi wanakosea kwa kufuata majina. Binti yangu kaniandikia eti anataka lavenda. Lavenda inatoka Bulgaria na Ufaransa, kile kichupa cha ml 10 kinachouzwa elfu tano mjini sijui ndani kuna nini, ila kwa bei hiyo nadhani ni manukato ya kiwandani tu na mafuta ya taa ya kizungu. Mnanaa mwingi unatoka India, unavunwa Mei mpaka Julai, mvua ikiwahi kule wanapoteza mafuta, lakini kwa ujumla unapatikana na bei inavumilika. Chungwa ndo mfano mzuri wa jinsi hii biashara ilivyo ya ajabu: mafuta ya chungwa yanatokana na maganda ya viwanda vya juisi, hasa Brazil, hakuna mtu analima chungwa kwa ajili ya mafuta. Mavuno ya Brazil yalipoanguka kwa ukame na ule ugonjwa wa miti ya michungwa, 2024 juisi ikavunja rekodi ya bei, na mafuta ya ganda yakapanda nayo. Mimi nilikuwa na sabuni ya chungwa, inauzika hasa, nikaizika mwaka huo.

Ya kwetu ya kutegemea ni mawili. Karafuu, na mchaichai.

Karafuu ya Zanzibar, hasa Pemba, inanunuliwa na shirika la serikali ZSTC, na kuna kiwanda cha makonyo Wawi, Chake Chake, kinachokamua mafuta kwa mvuke. Neno makonyo ndo siri yenyewe: karafuu yenyewe inauzwa ghali nje, mafuta yanatolewa kwenye vikonyo na majani, vitu ambavyo havigombewi na mnunuzi wa karafuu kavu. Kwahiyo hata mwaka ambao mikarafuu imezaa kidogo, na mikarafuu huwa inazaa mwaka mmoja vizuri alafu inapumzika, majani yapo. Ila ni makali. Kwa mafuta ya ngozi usizidishe nusu ya asilimia moja, ni kama matone kumi kwenye ml 100, na kwa watoto usiweke kabisa. Nilizidisha mara moja kwenye mafuta ya kuchua, mzee mmoja aliniambia "mama, umenipaka pilipili."

Mchaichai unaweza kulima mwenyewe ukiwa na maji ya kumwagilia, bila hivyo Agosti unakuwa nyasi kavu. Kilo mia moja za majani mabichi zinatoa mafuta nusu kilo ukiwa na bahati, mara nyingi chini ya hapo, kwahiyo shamba la kujifurahisha halitoshi. Na mtambo wa mvuke, jamani, pipa, bomba, ndoo ya maji ya kupozea, unafanana kabisa na wa gongo. Kama utaufunga nyumbani mwambie mjumbe mapema kabla majirani hawajamwambia wao.

Kuna mtu atakuja kukuuzia msandali, vipande vya mti, au mafuta, kwa bei ya kuvutia. Usiguse. Umelindwa kimataifa tangu 2013, biashara yake inahitaji vibali, na wengi wanaouza mitaani hawana.

Sasa hiyo laki tano

Binti yangu, wewe uko Singida, uko juu ya alizeti yenyewe, usiende kuhangaika na lavenda. Subiri Juni. Laki mbili nunua mbegu za alizeti kwa kilo, chotara ukipata, zihifadhi, kamua gunia moja kwanza. Elfu sitini tafuta mbegu za ubuyu kwa kikundi kinachochekecha unga, uwape hela ya awali kidogo ili wakukumbuke, na uwe tayari kukamua mara moja tu kwa mwaka. Nyonyo usinunue, okota, labda elfu ishirini ya kuwapa watoto. Elfu arobaini chupa ndogo ya mafuta ya karafuu ya Pemba kutoka kwa mtu anayekupa risiti, itakufikisha miezi mingi. Chupa, lebo na mzani, laki moja. Inabaki elfu themanini, na hiyo usiichezee: nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, maana mafuta ya ngozi yanasimamiwa na TBS tangu 2019 na wajasiriamali wadogo wana njia yao kupitia hapo, nauli na chai za kuzunguka ndo hizo elfu themanini.

Ufuta mwakani. Na ukipita Kibaigwa njoo na mzani wako, usikubali wa pale.